Afya na Hofu ya Ndege Kabla ya Safari ya Nje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni muuguzi wa chanjo za wasafiri, Dar es Salaam. Wengi wanaokaa kwenye kiti changu wana safari ya kwanza ya ndege: mzazi anayekwenda kumwona mjukuu, mgonjwa anayepelekwa India, binti aliyepata kazi Omani, mwanafunzi, haji. Wote huja kwa ajili ya sindano. Wakishachomwa, wakiwa wameshashika kitasa cha mlango, ndipo wanageuka na kuuliza lile lililowanyima usingizi: "Hivi ndege ikitikisika inakuwaje?"

Nimeacha kulitenga swali hilo na ya afya. Mtu mwenye hofu hanywi maji, anaruka dawa, anameza vidonge vya usingizi, anakaa saa kumi bila kunyanyuka. Akifika huko anaumwa, na watu wanasema ndege imemdhuru. Ndiyo maana hapa chini chanjo, dawa na hofu vimewekwa pamoja.

## Mwanzo wa maandalizi

1. Nianze lini?

Wiki 6 hadi 8 kabla ya kuondoka. Baadhi ya chanjo ni za dozi zaidi ya moja, na mwenye presha au sukari anahitaji muda wa kumwona daktari wake, kurekebisha dozi na kuona mwili umeipokeaje. Kama imebaki wiki moja, njoo hivyo hivyo, yapo ya kuokoa. Hofu nayo ianze kuzungumzwa mapema, isingojee usiku wa kuamkia safari.

2. Kadi ya njano (cheti cha chanjo ya homa ya manjano) ni lazima kwa kila safari?

Hapana. Inategemea unakotoka, unakopita na unakokwenda. Nchi nyingi za Ulaya haziiombi, wala Marekani. India na Afrika Kusini huidai kwa wanaotoka au kupitia nchi zenye homa ya manjano, na India inaweza kumweka karantini hadi siku 6 asiye nayo. Kinachowanasa watu wengi ni huko kupitia. Kenya, Uganda, Ethiopia na Kongo zimo kwenye orodha ya nchi zenye hatari, na ukikaa uwanja wa ndege zaidi ya saa 12 unaweza kuhesabiwa kama umetoka hapo. Mtu wa Dar aliyelala kwenye viti vya uwanja wa Nairobi au Addis Ababa akingoja ndege ya kuunganisha anajikuta anaulizwa kadi ambayo nyumbani aliambiwa hana haja nayo.

Dozi ni moja. Kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni ya maisha, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10. Kagua jina lako kabla hujatoka chumbani: liwe kama la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

3. Nimeambiwa naweza kuipata kadi bila kuchomwa. Kuna ubaya?

Upo, na jambo hili linaniuma. Jamaa mmoja aliniletea kadi aliyoinunua mtaani, akaomba nimsaidie mhuri tu kwa sababu anaogopa sindano. Homa ya manjano haina dawa ya kukiua kirusi chake. Mgonjwa hutunzwa tu huku mwili ukipigana wenyewe, na karibu nusu ya wanaofikia hatua ya macho kuwa manjano na kutoka damu hufariki. Nilimshika mkono tukaongea dakika ishirini. Alichomwa akiwa amefumba macho, kisha akauliza kama tayari. Kama unachoogopa ni sindano, sema. Tutakulaza, tutazungumza, haitakuchukua hata nusu dakika.

4. Mama ana miaka 70. Achanjwe homa ya manjano?

Usimpeleke moja kwa moja chumba cha sindano, aanzie kwa daktari. Chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa aliyevuka miaka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza, madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kuliko kwa kijana. Tahadhari hiyo inawahusu pia wajawazito, watoto chini ya miezi 9, wenye aleji kali ya mayai na wenye kinga ya mwili iliyoshuka sana. Daktari akiona haifai, ataandika cheti cha msamaha kwenye kadi hiyo hiyo. Uliza ubalozi kabla ya kusafiri kama nchi husika inakikubali, kwa sababu uamuzi ni wao.

5. Na chanjo nyingine, au vipimo vya visa?

Anayekwenda Hija au Umra anahitaji chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina nne (A, C, W na Y), ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika Saudia. Wanaokwenda kazini nchi za Ghuba hupimwa afya kwanza: picha ya kifua, damu, na ujauzito kwa wanawake. Anayeomba visa ya Uingereza ya zaidi ya miezi 6 kutoka Tanzania, Kenya au Uganda hupimwa kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza yenyewe. Picha ya hospitali ya kawaida haikubaliki, hata iwe safi namna gani.

6. Bima ya safari ina maana, au ni karatasi ya visa tu?

Visa ya Schengen (ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya) inadai bima isiyopungua yuro 30,000, na wengi huishia hapo. Soma kipengele cha maradhi uliyokuwa nayo kabla. Bima nyingi za bei ndogo hazilipi chochote kinachotokana na presha, sukari au moyo, na hayo ndiyo yanayowapeleka wazee wetu hospitali. Kama mzazi anakwenda Marekani, ongeza fedha ununue inayoyataja kwa maandishi.

## Dawa na maradhi ya kudumu

7. Dawa niziweke begi gani?

La mkononi, zote, za siku zote za safari na akiba ya wiki moja. Begi linaloingia chini ya ndege linaweza kupotea, na insulini ikiganda kwa baridi haifai tena hata ikiyeyuka. Ziache kwenye maboksi yake yenye jina lako. Daktari akuandikie barua ya Kiingereza yenye majina halisi ya dawa, kwa kuwa jina la kiwandani la hapa huenda halijulikani huko. Dawa za maji unazozihitaji haziingii kwenye sheria inayokataza vimiminika vya zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi, ila zitoe na kuzionyesha kwenye ukaguzi.

Ghuba ni habari nyingine. Tramadol na dawa zenye codeine (za maumivu), pamoja na diazepam (ya kutuliza na kulaza), zinadhibitiwa vikali, na Falme za Kiarabu hutaka kibali cha serikali yao kabla hujafika. Usikubali kumbebea mtu "dawa za mgongo tu za mjomba". Miraa nayo iache: Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, na hata pale isipokatazwa, inakwenda mbio na moyo ambao tayari una hofu.

8. Ninakunywa dawa ya presha inayokojoza. Siku ya safari niiruke?

Usiiruke. Hili nalisikia kila wiki, na karibu kila mara sababu ni kuogopa choo cha ndege (swali la 14). Mwambie daktari wako saa ya kuondoka, huenda akakusogezea muda wa kumeza ili mkojo mwingi uwe umeisha kabla hujapanda. Mtu anayeruka dawa, akaacha na kunywa maji, anapanda ndege presha ikiwa juu na damu ikiwa nzito. Pima presha wiki mbili kabla. Kama inakataa kushuka, bora kusogeza tiketi.

9. Nina sukari. Saa zikibadilika nafanyaje?

Acha saa moja ya mkononi kwenye muda wa nyumbani mpaka ufike, uchome na kula kwa kuifuata hiyo. Ukienda magharibi, kama Marekani, siku inarefuka na huenda ukahitaji dozi ya nyongeza. Ukienda mashariki, kama China, siku inafupika na dozi inaweza kupungua. Hesabu hiyo aiandike daktari kwenye karatasi. Uwe na pipi au tende mfukoni mwa nguo, na siyo kwenye begi lililo juu ya kichwa, kwa sababu sukari ikishuka huenda usiweze kusimama.

10. Mwenye selimundu anaweza kupanda ndege?

Wengi wanaweza, kwa maandalizi. Hewa ndani ya ndege ni nyepesi kama ya mtu aliye kwenye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, yaani kama Nairobi au juu zaidi ya Nairobi. Mtu mwenye afya hahisi. Kwa mwenye selimundu, oksijeni hiyo iliyopungua, pamoja na baridi na kukaukiwa maji, vinaweza kuamsha maumivu. Avae vizito, anywe maji kila saa, na daktari aamue kama atahitaji oksijeni. Akiwa ametoka kwenye maumivu makali, asubiri kama siku 10. Oksijeni huombwa mapema kwa fomu ya afya ya shirika la ndege iitwayo MEDIF. Mwenye vinasaba vya selimundu tu, asiyeugua, husafiri kama kawaida. Mwenye damu pungufu sana apime kwanza. Hemoglobini ikiwa chini ya gramu 7.5 kwa desilita ya damu, daktari lazima amwone kabla ya kuruka.

## Hofu yenyewe

11. Kwa nini ndege inatikisika, na inaweza kuanguka kwa kutikisika huko?

Hewa ina mawimbi kama bahari. Aliyepanda boti kutoka Dar kwenda Unguja wakati wa kusi anajua chombo kinavyopanda na kushuka bila kuzama. Karibu na ikweta joto hurusha mawingu makubwa juu, kwa hiyo ndege zetu za kwenda Ulaya mara nyingi hutikisika mwanzoni mwa safari, kisha anga inatulia. Bawa linapopinda unaliona dirishani, limetengenezwa lipinde. Hatari ya mtikisiko ni kwa mtu asiyefunga mkanda, anayerushwa na kugonga kichwa. Ufunge muda wote uliokaa, hata taa ikizimwa. Ukiweza chagua kiti karibu na mabawa, hapo mtikisiko ni mdogo kuliko mkiani.

Mkanda wenyewe ujaribiwe nyumbani kwa maneno: wa gari unabonyezwa, wa ndege unanyanyuliwa kifuniko. Mwenye hofu hutafuta kitufe kisichokuwepo.

12. Zile sauti ni za nini?

Sekunde chache baada ya kuruka utasikia mngurumo na kishindo chini ya miguu: magurudumu yanakunjwa. Muda mfupi baadaye injini zinapunguza sauti na tumbo linahisi kama ndege inashuka. Haishuki. Rubani amepunguza nguvu kwa sababu ile ya kurukia haihitajiki tena, na ndege inaendelea kupanda. Hapo ndipo watu wengi hushika mkono wa jirani, kwa hiyo nawaambia wahesabu: kishindo, kisha kimya, kisha juu. Kabla ya kutua mabawa hutoa mlio wa kusaga yanapojitanua, na magurudumu yakigusa ardhi injini hunguruma kwa nguvu ili kusimamisha ndege.

13. Mimi niliiona ya Bukoba. Utaniambiaje nisiogope?

Sitakwambia usiogope. Novemba 6, 2022 ndege iliyokuwa inatua Bukoba ilianguka Ziwa Victoria. Kati ya watu 43 walikufa 19, na nchi nzima ilikuwa inatazama. Hofu yako ina mahali ilipotoka. Ninachokuomba ukumbuke ni kwamba 24 walitoka wakiwa hai, na kwamba kipande cha hatari zaidi cha safari yako ya nje ni gari la kukufikisha uwanjani. Ndege kubwa za safari ndefu zenye injini mbili haziruhusiwi kuruka njia hizo mpaka zithibitishwe kwamba zinaweza kwenda na moja mpaka uwanja wa karibu. Mhudumu anapoonyesha mkanda, boya na milango, tazama, hesabu viti mpaka mlango ulio karibu nawe. Mkono unaojua mlango ulipo hutulia.

## Ndani ya ndege

14. Choo cha ndege kinatumikaje?

Bibi mmoja kutoka Pangani alikuwa anakwenda kumwona kitukuu Uingereza. Presha yake nzuri, kadi anayo, kila kitu sawa. Akaninong'oneza: "Mwanangu, mimi sitakunywa maji wala sitakula, nisije nikafungiwa chooni kwao." Saa kumi na zaidi, mtu wa miaka sabini na tisa, bila tone la maji! Nikachukua boksi tupu la sindano, nikalikunja katikati, nikamwonyesha.

Mlango mara nyingi hukunjwa kama boksi lile: sukuma katikati, unaingia ndani. Kikomeo ni cha kuteleza, na ukikiteleza ndipo taa kubwa inawaka, kwa hiyo usiogope giza la mwanzo. Hakuna maji ya kumwaga wala kopo. Kuna kitufe, na ukikibonyeza kinavuta kwa sauti kali, "vuuu!", kama upepo umepasuka. Simama kwanza, funga kifuniko, kisha bonyeza. Mwenye kutaka kujisafisha kwa maji abebe kichupa kitupu cha plastiki akijaze kwenye bomba. Hata ukishindwa kufungua, mhudumu anao uwezo wa kufungua kutoka nje. Bibi alilikunja na kulikunjua boksi mara tatu, akacheka, akaomba aondoke nalo.

Anayekwenda na mzazi amwombee kiti cha pembeni ya njia, karibu na choo.

15. Miguu yangu inavimba. Ni hatari?

Kuvimba kidogo pande zote mbili ni kawaida, hushuka baada ya siku moja au mbili. Hatari ni damu kuganda kwenye mshipa wa mguu; uwezekano huo huongezeka karibu mara mbili kwa safari ya saa 4 au zaidi, ingawa kwa mtu mwenye afya bado ni mdogo. Tembea kila saa mbili, zungusha vifundo vya miguu ukiwa umekaa, kunywa maji. Mnene sana, mjamzito, mwenye saratani, aliyepasuliwa karibuni au aliyewahi kuganda damu aulize daktari kuhusu soksi za kubana au sindano. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukikosa pumzi ghafla, hata wiki mbili baada ya safari, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

16. Hofu ikipanda angani nifanye nini?

Moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, unahisi huwezi kupumua. Ganzi hiyo inatokana na kupumua haraka kupita kiasi. Wimbi hilo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka lenyewe. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita, na usiache mpaka dakika tano zipite. Kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili husaidia. Wanaosoma dua ya safari au Zaburi nawaambia wasome taratibu, mstari mmoja kwa pumzi moja, kwa sababu hapo pumzi hurefuka yenyewe. Mwambie mhudumu mapema, wakati wa kupanda: "Hii ni safari yangu ya kwanza na ninaogopa." Amezoea, atapita kukuangalia.

Ila maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au tayani, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, usiyaite hofu. Bonyeza kitufe cha kumwita mhudumu.

17. Nimeze Piriton au diazepam nilale mpaka nifike?

Najua ndivyo wengi wanavyoshauriana nyumbani. Kwa mzee, Piriton inaweza kumchanganya akili, kumfungia mkojo na kumwangusha anaposimama. Diazepam inakulaza usigeuke kwa saa nyingi (ona swali la 15), na likitokea la dharura huwezi kufuata maelekezo. Kwenye nchi fulani hata kuibeba ni kosa (swali la 7). Pombe nayo hukausha mwili, na ikiisha hofu hurudi na zaidi. Kama hofu ni kubwa kiasi cha kukuzuia kusafiri, mwone mtaalamu wa afya ya akili wiki kadhaa kabla. Hofu ya ndege inatibika kwa mazungumzo na mazoezi.

18. Masikio na kichefuchefu?

Meza mate, piga miayo, tafuna bazoka ndege inaposhuka. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati huo. Kwa kichefuchefu, kula kidogo kabla, beba tangawizi, na kama unahitaji kidonge kimeze saa moja kabla ya kuruka.

19. Mzazi hajui Kiingereza na anabadilisha ndege peke yake.

Mwombee kiti cha magurudumu kwenye shirika la ndege, angalau saa 48 kabla. Ni bure. Hata anayetembea vizuri anaweza kukiomba kama umbali mrefu unamshinda, na mhudumu atamchukua kutoka ndege moja hadi mlango wa nyingine, iwe Doha, Istanbul au Addis Ababa. Mwandikie karatasi ya Kiingereza yenye jina, ndege, maradhi, dawa na simu ya mwenyeji. Msomee na saa kwa Kiswahili: tiketi ikiandika 23:40 ni saa tano na dakika arobaini usiku, na ikiandika 00:30 ya tarehe 15, anatakiwa awe uwanjani usiku wa tarehe 14. Nimeona mzee akikosa ndege kwa hilo.

## Hali za pekee

20. Nina ujauzito.

Mashirika mengi hukubali mpaka wiki 36 kwa mimba ya mtoto mmoja na wiki 32 kwa mapacha, na baada ya wiki 28 hutaka barua ya daktari. Mkanda upite chini ya tumbo. Hesabu na wiki ya kurudi, siyo ya kwenda tu.

21. Nimetoka kupasuliwa, au nimetoka kuzamia baharini.

Tumbo lililopasuliwa wazi husubiri kama siku 10. Lililofanywa kwa matundu madogo, siku 4 au 5. Aliyetolewa mtoto wa jicho anaweza kuruka siku inayofuata, lakini aliyetiwa gesi ndani ya jicho haruki kabisa mpaka gesi iishe, kwa sababu juu hutanuka na kuharibu jicho. Wagonjwa wanaorudi kutoka India wamuulize daktari neno "gesi" waziwazi. POP (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika) ikiwa mpya, isubiri saa 48 kwa safari ndefu. Aliyezamia kwa mtungi Mafia au Nungwi apumzike saa 24 kabla ya ndege.

22. Nimefika, na sasa nina homa.

Nenda hospitali siku hiyo na useme ulikotoka kabla hujaulizwa. Malaria ya kwetu inaweza kujitokeza wiki kadhaa, hata miezi mitatu, baada ya kuondoka, na daktari wa nchi isiyo na malaria huenda akafikiria mafua. Watoto waliozaliwa nje wanaokuja likizo hawana kinga yoyote, na aliyekaa huko miaka mingi kinga yake imeshuka. Hao wanahitaji dawa ya kuzuia kabla ya kuja nyumbani. Kwenye ile karatasi ya mzazi ya swali la 19, ongeza mstari mmoja kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa: ametoka Tanzania, akipata homa apimwe malaria.